Je, Wajua? Sumo kwa Msafiri Anayefika Mapema

Je, wajua kwamba siku moja ya mashindano ya sumo huchukua zaidi ya saa tisa? Pambano la kwanza huanza mnamo saa mbili na nusu asubuhi, viti vingi vikiwa vitupu, na la mwisho humalizika karibu na saa kumi na mbili jioni. Wageni wengi huingia alasiri, vigogo wanapokaribia kupanda ulingoni, nao huondoka wakiwa wameona yaleyale ambayo televisheni ya NHK huyaonyesha kila siku. Anayefika asubuhi huona mengine. Huona vijana wa miaka kumi na minane ambao hawajalipwa mshahara hata siku moja, waamuzi wanaofanya kazi miguu mitupu, na udongo wa ulingo ukiwa bado haujachimbuliwa na nyayo za wakubwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sumo inayostahili nauli ya kwenda Japani.

Kwanza ujue pa kwenda na wakati wa kwenda. Tangu mwaka 1958 mashindano makuu ni sita kwa mwaka, na kila moja ni la siku 15, Jumapili hadi Jumapili. Tokyo huwa nayo Januari, Mei na Septemba, katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan. Machi ni Osaka, Julai ni Nagoya, Novemba ni Fukuoka. Nagoya ilihama juzijuzi tu: kuanzia 1965 hadi 2024 shindano la Nagoya lilifanyika katika ukumbi uliokuwa ndani ya eneo la ngome ya kale ya mji huo, na mwaka 2025 likaingia IG Arena, jengo jipya kabisa. Ukifika Japani mwezi ambao si wa shindano, usikate tamaa. Aprili, Agosti, Oktoba na Desemba wanamieleka huzunguka mikoani kwa maonyesho ya siku moja moja, na huko hucheza hata vichekesho vya makusudi, watu wawili wakionyesha kila hila iliyopigwa marufuku. Katika mashindano makuu jambo hilo halipo kabisa.

Mashindano makuu yana maajabu yake: Machi 2024, Osaka ilishuhudia tukio ambalo hakuna mtu hai aliyekuwa amewahi kuliona. Kijana aitwaye Takerufuji alitwaa ubingwa katika shindano lake la kwanza kwenye daraja la juu. Mara ya mwisho jambo hilo kutokea ilikuwa 1914. Alikuwa amepanda madaraja upesi mno hata nywele zake zilikuwa hazijatosha kutengenezwa shungi kubwa la umbo la jani, ambalo ndilo pambo la wakubwa. Siku ya 14 aliumia kifundo cha mguu, na siku ya 15 akapanda ulingoni hivyo hivyo na kushinda.

Je, wajua kwamba ukumbi wa Kokugikan unaouona leo ni wa tatu kwa jina hilo mjini Tokyo? Wa kwanza ulifunguliwa 1909 ukiwa na paa la kuba, na msanifu wake alikuwa Tatsuno Kingo, yuleyule aliyesanifu kituo cha treni cha Tokyo. Kabla yake, watu walitazama sumo nje, uwanjani mwa hekalu la Kibuddha la Ekoin, wakiombea mvua isinyeshe. Ekoin lilijengwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 ulioteketeza Edo, jina la zamani la Tokyo, ili kuwaombea maelfu kwa maelfu waliokufa bila ndugu wa kuwazika. Liko umbali wa dakika chache tu kwa miguu kutoka kituo cha Ryogoku, na ndani yake kuna jiwe kubwa lililosimamishwa 1936 kwa kuwakumbuka wanamieleka waliotangulia. Jengo la 1909 liliungua, likajengwa tena, likachukuliwa na jeshi wakati wa vita, kisha na Wamarekani baada ya vita, na mwishowe likabomolewa. Pale lilipokuwepo pana majengo ya kisasa, lakini uani, sakafuni, wameacha duara linaloonyesha ulingo ulipokuwa. Watu hupita juu yake na mifuko yao ya sokoni.

Sumo ikahamia ukumbi wa pili, mtaa wa Kuramae, kuanzia 1950 hadi 1984, na Januari 1985 ikarudi Ryogoku katika ukumbi wa sasa, wenye nafasi ya watu wapatao 11,000. Ni vituo viwili tu kwa treni ya njano ya mstari wa Sobu kutoka Akihabara. Ndani ya ukumbi mna jumba dogo la makumbusho ya sumo lisilo na kiingilio, na nje kando ya barabara zimesimama sanamu za shaba za wanamieleka, zikiwa na alama za viganja vya mabingwa wa zamani. Weka kiganja chako juu ya kimoja. Picha haisemi ukubwa wa watu wale kama kiganja hicho kinavyosema.

Sasa tuje kwenye ulingo wenyewe, maana hapo ndipo pana utajiri wote.

Je, wajua kwamba ulingo wa sumo hujengwa kwa mikono kwa kila shindano, na wajenzi wake ni walewale wanaoita majina ya washindani? Hufanya kazi hiyo kwa siku tatu hivi, wakiponda udongo kwa magogo na mbao mpaka uwe mgumu kiasi cha kubeba watu wawili wenye kilo zaidi ya 150 kila mmoja bila kupasuka. Ukingo wa duara ni marobota ya mabua ya mpunga yaliyojazwa udongo, ambayo hunyooshwa kwa kugongwa na chupa tupu za bia. Hakuna mashine. Duara lenyewe lina kipenyo cha mita 4.55, na kwenye pande zake nne robota moja limesogezwa nje kidogo. Zamani, watu walipopigana nje, sehemu hizo zilikuwa njia za kutolea maji ya mvua. Leo mvua haifiki, lakini mwanamieleka anayesukumwa nyuma akibahatika kukanyaga hapo hupata nafasi ya unene wa robota moja, na mapambano mengi yameokolewa na unene huo.

Jumamosi kabla ya shindano kuanza, katikati ya udongo huchimbwa shimo dogo na kuzikwa humo chumvi, mchele uliooshwa, karanga za miti ya Kijapani, mwani na ngisi mkavu. Waamuzi ndio wanaoongoza ibada hiyo, wakiwa wamevaa kama makuhani wa dini ya Shinto, na pombe ya mchele humwagwa. Tokyo, watu huruhusiwa kuingia kuitazama bila tiketi. Ukiwa mjini Jumamosi hiyo, nenda. Kila pambano utakaloliona baadaye litapiganwa juu ya vitu hivyo vilivyofukiwa.

Juu ya ulingo hakuna nguzo, lakini kuna paa la hekalu linaloning'inia kwa nyaya, lenye uzito wa tani zipatazo sita. Nguzo nne zilikuwepo hadi 1952, zikaondolewa ili watu waone vizuri, na mwaka uliofuata matangazo ya televisheni yakaanza. Pembeni, pale nguzo zilipokuwa, yananing'inia mashada manne ya nyuzi: kijani, jekundu, jeupe na jeusi, kwa majira manne ya mwaka. Redio nayo iliwahi kuubadilisha mchezo. NHK ilipoanza kutangaza sumo mwaka 1928, washindani walikuwa na uhuru wa kutazamana kwa muda wowote waupendao kabla ya kurukiana, na kipindi hakikuweza kungoja. Ndipo ukawekwa ukomo wa dakika kumi kwa daraja la juu. Leo ni dakika nne. Ndani ya dakika hizo wakubwa huenda pembeni, huchota chumvi na kuirusha kuutakasa ulingo, tena na tena, na takriban kilo 45 za chumvi hutumika kwa siku moja. Madaraja ya chini hupewa dakika mbili na kwa kawaida hawarushi chumvi. Ndiyo maana asubuhi mapambano hufuatana upesi upesi, na jicho la mgeni hujifunza haraka zaidi.

Je, wajua kwamba mwanamke haruhusiwi kupanda juu ya ulingo huo? Marufuku hiyo hutetewa kwa hoja za ibada, na imewaumiza watu. Mwaka 2000 gavana wa Osaka, Fusae Ota, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa mkoa Japani, alikataliwa kumkabidhi bingwa kombe ulingoni katika mji wake mwenyewe. Aprili 2018, katika onyesho la mkoani mjini Maizuru, meya alianguka ghafla akiwa juu ya ulingo akihutubia. Wanawake waliokuwa wakitazama walipanda mbio kumpa huduma ya kwanza, na kipaza sauti kikawataka washuke. Mwenyekiti wa chama cha sumo aliomba radhi, lakini marufuku ipo hadi leo. Naipenda sumo, na naona ni makosa.

Basi ujue na hili. Ulingo wa Kokugikan umewekwa juu ya mtambo, na unaweza kushushwa chini ya sakafu ukumbi ukitakiwa kwa shughuli nyingine. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ukumbi huo ndio uliopokea ndondi. Mabondia wa kike Christine Ongare na Elizabeth Akinyi wa Kenya, na Catherine Nanziri wa Uganda, walipigana humo humo, chini ya dari ileile, bila watazamaji kwa sababu ya korona. Na msafiri wa kike anayetamani kukanyaga ulingo wa sumo kwa miguu yake anaweza kufika mji wa Katsuragi, mkoa wa Nara, kwenye jumba la makumbusho liitwalo Kehayaza. Limepewa jina la Taima no Kehaya, shujaa wa hadithi za kale aliyeuawa kwa mateke na Nomi no Sukune katika pambano linalosimuliwa kuwa chimbuko la sumo. Ndani kuna ulingo kamili, na mgeni yeyote, mwanamume au mwanamke, anaruhusiwa kuupanda.

Rudi Tokyo, ukae kitini, utazame waamuzi. Vyeo vyao vinaonekana miguuni. Mwamuzi wa asubuhi hana kiatu, na joho lake limepandishwa hadi magotini. Wa alasiri ana soksi nyeupe, na wakubwa wao wana soksi na ndara. Wawili wa juu kabisa huchomeka jambia kiunoni, ishara kwamba zamani aliyekosea hukumu angejitoa uhai. Siku hizi uamuzi wa mwamuzi wa ngazi hiyo ukitenguliwa, huandika barua ya kuomba kujiuzulu, ambayo kwa kawaida haikubaliwi. Wanaotengua ni majaji watano walioketi chini kuuzunguka ulingo, wote wanamieleka wastaafu. Machi 1969 walikosea vibaya: waliamua kwamba Taiho, bingwa aliyekuwa ameshinda mapambano 45 mfululizo, ameshindwa, ilhali picha zilionyesha mguu wa mpinzani wake ndio uliotangulia kutoka. Kuanzia shindano lililofuata video ikaanza kutumika.

Vyeo vya wanamieleka navyo husomeka mwilini. Kila mmoja ana ubinda, kitambaa chenye urefu wa karibu mita tisa kilichokunjwa na kuzungushwa kiunoni. Wa madaraja ya chini huvaa wa pamba nyeusi, na wa madaraja mawili ya juu huvaa wa hariri wenye rangi. Mpaka wa madaraja hayo mawili ndio mpaka wa mshahara pia: watu 42 wa daraja la kwanza na 28 wa la pili hulipwa kila mwezi, na mamia waliobaki hupata chakula, malazi na posho ndogo. Nje ya ukumbi, wale wa chini kabisa hutembea na vazi jepesi la pamba na mitalawanda, hata Januari baridi ikiwa kali, kwa sababu koti na ndara hupatikana kwa kupanda cheo. Simama mchana upande wa lango la kusini uwaone wanamieleka wakifika. Kabla hujawaona utawanusa: mafuta ya nywele zao yana harufu tamu inayobaki hewani ndani ya treni na mitaani mwa Ryogoku, na aliyeinusa mara moja haisahau. Wanamieleka hawaruhusiwi kuendesha gari, na wengi wa madaraja ya chini hupanda treni ya kawaida pamoja na wewe.

Juu ya wote yuko yokozuna, cheo ambacho mtu hashushwi tena. Akishindwa kukitendea haki hustaafu. Tangu kuwekwa kumbukumbu hadi 2025 wamekuwa 75 tu, na majina yao yamechongwa kwenye mawe nyuma ya hekalu la Tomioka Hachiman, upande wa mashariki wa mto Sumida. Huko ndiko sumo ya kuchangisha fedha za hekalu iliporuhusiwa Edo mwaka 1684. Watalii ni wachache. Kila Januari mayokozuna hufanya ibada ya kuingia ulingoni katika hekalu la Meiji mjini Tokyo, na kutazama ni bure.

Je, wajua kwamba chini ya sakafu ya Kokugikan kuna jiko kubwa la mishikaki ya kuku? Huchomwa humo kwa maelfu na kuuzwa kwenye vijiboksi ghorofa za juu. Kuku ndiye nyama ya heri ya sumo kwa sababu husimama kwa miguu miwili. Ng'ombe hutembea kwa minne, na mwanamieleka aliyegusa chini kwa mikono ameshindwa. Kwa sababu hiyohiyo mchuzi wa asili wa chungu cha sumo, chanko, huanza kwa mifupa ya kuku, kisha hutiwa mboga, samaki, tofu na nyama. Migahawa ya chanko imejaa Ryogoku, baadhi ikiendeshwa na wastaafu. Msafiri Mwislamu aulize kabla ya kuagiza, kwani vyungu vingi huwa na nguruwe au pombe ya mchele, na kuku wenyewe kwa kawaida si wa kuchinjwa kwa sheria.

Mwislamu mmoja aliwahi kuishi maisha hayo ndani kwa ndani. Abdelrahman Shaalan wa Misri aliingia sumo mwaka 2012 kwa jina la Osunaarashi, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa. Julai 2013, shindano la Nagoya liliangukia Ramadhani. Alifunga, akapigana kwenye joto la Julai bila maji mchana kutwa, akashinda mapambano 10 kati ya 15. Novemba mwaka huo alikuwa daraja la juu, na Julai 2014, Nagoya tena, Ramadhani tena, aliwaangusha mayokozuna wawili kwa siku mbili mfululizo. Alistaafu 2018. Kila kambi, yaani nyumba wanamoishi na kufanya mazoezi wanamieleka, leo inaruhusiwa mwanamieleka mmoja tu kutoka ng'ambo, kwa hiyo nafasi aliyoipata ni ya nadra.

Kambi hizo zinaweza kutembelewa. Mazoezi huanza alfajiri, na kila kambi ina masharti yake: nyingine zinahitaji mwenyeji anayesema Kijapani, nyingine hazipokei mtu. Kambi ya Arashio, mtaa wa Hamacho, ina madirisha makubwa upande wa barabara, na mpita njia husimama nje akatazama. Ukikaribishwa ndani ya kambi yoyote, keti bila kuelekeza nyayo zako ulingoni, usiseme, usile, na usitoke katikati ya mazoezi. Utasikia vichwa vikigongana kwa mlio ambao ukumbini humezwa na sauti za watu.

Kuhusu viti: vya ghorofa ya chini ni vizimba vya kukaa chini kwenye mito, viatu vimevuliwa, kwa kawaida watu wanne katika eneo dogo mno kwa watu wanne wazima. Walio mbele kabisa hawaruhusiwi kula wala kupiga picha, na lazima wawe tayari kuangukiwa. Ghorofa ya pili ina viti vya kawaida kwa bei nafuu, na mgeni wa mara ya kwanza ataona mpangilio wote vizuri akiwa huko. Tiketi hutolewa mwezi mmoja hivi kabla na huisha upesi, hasa za wikendi. Kwa walio Ulaya, Ukumbi wa Royal Albert mjini London ulipokea sumo Oktoba 1991, na Oktoba 2025 ikarudi hapohapo baada ya miaka 34, Hoshoryu, yokozuna kutoka Mongolia, akatwaa ubingwa.

Na ukipata tiketi ya siku ya mwisho, usikimbilie treni baada ya kombe la Mfalme Mkuu kukabidhiwa. Watu wakiwa wanatoka, vijana walioingia sumo katika shindano hilo hilo hupanda ulingoni, humzunguka mwamuzi mmoja na kumrusha hewani mara kadhaa. Ni namna ya kuiaga miungu iliyoitwa Jumamosi ile kwa chumvi na ngisi. Ibada hiyo huchukua dakika chache tu, na wengi waliolipia viti vya mbele huwa wameshafika kituoni.